Mtoto wa kaka yangu anataka nikope ninunue kompyuta mpya

SWALI

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mama wa miaka 47, nina steshenari hapa Ifakara. Natoa kopi, nachapa barua na mitihani ya shule, natengeneza kadi za michango ya harusi, napiga laminesheni, nakata stika za bodaboda na bajaji. Ila siku hizi kinachoniingizia hela zaidi ni mambo ya mtandaoni. Vijana wanakuja kuomba mikopo ya chuo, wengine wanaomba kazi serikalini kupitia mfumo wa Ajira, watu wanataka namba ya TIN, wanataka kuhakiki vyeti vya kuzaliwa RITA. Msimu wa maombi ukifika benchi halitoshi.

Ninazo kompyuta tatu, zote nilizinunua zikiwa zimeshatumika. Ya kwanza ni ya mezani, Core 2 Duo, RAM 4 GB, ina Windows 7. Hiyo ndiyo ya kuchapia na ndiyo wateja wanachomeka flashi zao. Ya pili ni mpakato, imebandikwa Core i5 na fundi aliniandikia i5-6300U, ina Windows 10. Hiyo ni ya maombi ya mtandaoni. Ya tatu ni Pentium 4 yenye Windows XP. Hiyo kazi yake ni moja tu, kuendesha mashine ya kukatia stika, kwa sababu waya wa mashine ile ni wa zamani na hizo kompyuta nyingine hazina tundu lake.

Mtoto wa kaka yangu amemaliza diploma ya kompyuta, hajapata kazi, nikamchukua anisaidie dukani. Kijana ana heshima na anajituma, sina ubaya naye. Lakini tangu aje sina amani. Anasema, tena mbele ya wateja, "Shangazi, hizi siyo kompyuta, ni chuma chakavu." Anasema Windows 7 ilishakufa zamani. Mpakato nao umeanza kuleta ujumbe kwamba hautapata tena apdeti na haufai kwa Windows 11. Ile ya kuchapia ukiiwasha asubuhi unaweza kufagia duka lote ndipo ifunguke. Umeme ukikatika usiku, asubuhi tarehe imerudi nyuma miaka na tovuti zinagoma, zinasema muunganisho si salama. Halafu virusi. Juzi mwalimu kaleta mitihani kwenye flashi, mafaili yote yakageuka shotikati, akanifokea kwamba mashine yangu imemharibia kazi.

Sasa anataka niende kwenye kikundi chetu nikope milioni 3, ninunue mbili mpya na printa. Riba ni asilimia 10 na marejesho ni ya kila wiki. Mimi naona kompyuta inachapa, inatoa kazi, kosa lake nini? Kaka yangu naye kanipigia simu, anasema ubahili wangu unamkwamisha mwanaye. Na kuna mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita hapa, ameshaiona ile Pentium 4 na kunitajia bei ya kilo.

Nikope, au nikae na mashine zangu?

Mama wa Steshenari, Ifakara


JIBU

Dada yangu, pole na pilika, na pole zaidi na simu ya kaka.

Kikao cha kikundi kikifika, usiombe huo mkopo. Marejesho ya kila wiki hayajui kwamba msimu wa maombi ya chuo umepita na benchi liko tupu. Karibu kila kinachokusumbua kina dawa ya bei ndogo, na kile kimoja kilicho kizito kweli hakidai kompyuta mpya. Kinadai mfumo mpya ndani ya kompyuta ileile.

Kijana hajakosea kila kitu, na nitafika kwenye hoja yake iliyo nzito. Tatizo ni kwamba ameyafunga malalamiko manne tofauti katika furushi moja akaliita uzee. Mengine hayahusiani na uzee hata kidogo.

Chukua hilo la tarehe. Kwenye ubao mkuu wa kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya duara iliyoandikwa CR2032, kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea wakati umeme haupo. Hudumu miaka kadhaa, kisha huisha. Ikiisha, kila umeme unapokatika kompyuta husahau leo ni lini. Tovuti zinazoanza na https nazo hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikidhani tuko mwaka 2009, inakiona cheti cha leo hakijaanza kutumika, inakataa kufungua ukurasa. Ndiyo maana unaambiwa muunganisho si salama. Betri hiyo utaipata hata kwa fundi saa. Mwenye diploma ya kompyuta alitakiwa aibadilishe wiki ya kwanza, badala ya kuitumia kama ushahidi dhidi yako.

Kuchelewa kuwaka ni habari nyingine, na mara nyingi mwenye kosa ni diski. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na kichwa kinachokimbia huku na huko kutafuta vipande vya faili. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inakaa inasubiri. Ukiitoa diski hiyo ukaweka SSD, ambayo haina kinachozunguka ndani yake, Core 2 Duo iliyokuwa inakupa muda wa kufagia duka itawaka kabla hujamaliza kufungua madirisha. Sijaona matengenezo mengine ya kompyuta ambayo hela ndogo namna hiyo inaleta tofauti kubwa namna hiyo. Tafuta ya inchi 2.5 yenye plagi ya aina ya SATA, GB 240 zinakutosha, na ulizia maduka matatu kabla ya kutoa hela kwa sababu bei zake hupanda na kushuka. Kompyuta ikiwa wazi, mwambie kijana aitoe nje aipulize vumbi. Steshenari ina vumbi la karatasi na la wino wa unga, linaziba feni, mashine inapata joto na inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Aishike feni isizunguke wakati anapuliza.

Hayo mawili yakiisha, nusu ya kelele dukani itakuwa imekwisha. Sasa hoja yake nzito.

Windows 7 iliacha kupewa masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Brauza ya Chrome nayo ikaitupa mwanzoni mwa 2023. Windows 10 iliyo kwenye mpakato wako imefikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake si kwamba mashine itazimika. Itaendelea kuchapa kama ulivyosema. Maana yake ni kwamba tundu jipya likigunduliwa, wezi wanalijua na hakuna anayekuja kuliziba.

Kwa mtu anayeandika barua zake nyumbani, hilo ni juu yake mwenyewe. Kwako, dada, si hivyo. Kwenye hizo kompyuta mbili mtoto wa watu anaandika nenosiri la akaunti yake ya mkopo, namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, namba ya simu ya mzazi. Hujabeba siri zako pekee, umebeba za mtaa mzima. Ukiniuliza "kosa lake nini", kosa ni hilo, na hapo kijana yuko sahihi.

Ila dawa ya hilo ni masasisho, si upya wa mashine. Mei 2017 virusi vya kudai fidia vilivyoitwa WannaCry vilisambaa dunia nzima. Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha matibabu. Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka cha tundu lile mwezi Machi, miezi miwili kabla. Nyingi ya kompyuta zilizoathirika zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa inapewa masasisho. Wenyewe hawakuwa wameyaweka. Ukinunua kompyuta mpya leo ukazima masasisho ili kuokoa bando, kama ninavyoona steshenari nyingi zikifanya, ndani ya mwaka mmoja umerudi palepale, na marejesho bado unadaiwa.

Kwa hiyo swali la kuuliza kwa kila mashine ni hili: inagusa nini? Mtandao? Flashi za watu? Siri za watu? Kila moja kati ya zako tatu ina jibu lake.

Ile Core 2 Duo ya kuchapia, iondolee Windows kabisa uweke Linux. Kijana atakuwa amelisikia jina hilo chuoni. Ni mfumo endeshi wa bure, hauibiwi wala haukrakiwi, na masasisho yake yanakuja bila malipo. Kwa mashine yako ningechagua Linux Mint, ile ya Xfce ambayo ni nyepesi. Inahitaji RAM 2 GB kwa uchache na inapendekeza 4, nawe unazo 4. Toleo la 22, lililotoka 2024, litapewa masasisho hadi 2029. Sura yake haiko mbali na Windows uliyoizoea: menyu iko chini kushoto, mafaili yako kwenye folda, kwa siku chache utakuwa umeshaizoea. Na asije akakushawishi kwamba kuna njia ya kuchepusha ili kuweka Windows 11 humo. Matoleo yake kuanzia 24H2 yanadai amri za ndani ya prosesa ambazo Core 2 Duo haina kabisa, hayawaki hata kwa hila.

Faida ambayo utaiona siku ya kwanza ni kwenye flashi. Virusi vile vya shotikati huyaficha mafaili halisi ya mteja na kuweka mahali pake vitu vya bandia vyenye majina yaleyale. Ukibofya, vinaendesha hati iliyoandikwa kwa ajili ya Windows, vinahamia kwenye kompyuta, kisha vinaruka kwenye flashi ya mteja anayefuata. Kwenye Linux hati hiyo haina pa kuendeshwa. Zaidi ya hayo, mafaili yaliyofichwa kwa mtindo huo kwa kawaida yanaonekana wazi. Mwalimu yule angekuta mitihani yake ipo, mngeinakili kwenye folda mpya, mkafuta takataka, akaondoka anakushukuru. Inawezekana pia flashi yake ilikuja ikiwa imeshaambukizwa kwingine, lakini kwa hali ya sasa ya mashine yako huna namna ya kumthibitishia.

Usiruke bila kupima, lakini. Mint inaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako, GB 8 zinatosha. Kijana aitayarishe, muwashe jioni baada ya kufunga, mjaribu vitu ambavyo vinakulisha. Kwanza printa. Epson za matanki na HP nyingi hukubali bila ubishi, lakini zipo printa ndogo za leza, tena maarufu madukani kwetu, ambazo watengenezaji hawakujali kuziandikia draiva nzuri za Linux, yaani programu ya kuifanya kompyuta iielewe printa, na hizo zitakula usiku wenu. Ikigoma, usibomoe mpango wote kwa ajili yake: printa hiyo mnaihamishia kwenye mpakato wenye Windows, na kazi inatumwa huko.

Pili, mitihani. Badala ya Word utatumia LibreOffice, ambayo inafungua na kuhifadhi mafaili ya docx. Mwanzoni mwa historia yake kuna mkono wa Tanzania pia, maana OpenOffice, ambayo LibreOffice ilitokana nayo, ilitafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kama mwalimu ameandika kwa Times New Roman, kuna fonti inayoitwa Liberation Serif ambayo herufi zake zina upana uleule, hivyo maswali hayahami ukurasa. Kwa Calibri kuna Carlito. Penye majedwali ya kawaida hutapata shida. Penye michoro, visanduku vya maandishi na milinganyo ya hesabu, mambo yanaweza kusogea. Mwombe mteja alete na PDF. Kusema kweli hilo lingekuwa desturi ya kila steshenari hata zenye kompyuta za jana.

Tatu, kadi za harusi. Nina hakika unazitengeneza kwa Publisher, kila steshenari inafanya hivyo. Microsoft yenyewe imetangaza kwamba Publisher inafikia mwisho wake Oktoba 2026, kwa hiyo suala hilo lilikuwa linakujia hata ungenunua kompyuta ya milioni tano. Anza sasa kuzitoa kadi zako nzuri kwa PDF, na zile unazozirudia kila wiki zijengwe upya taratibu kwenye programu nyingine. LibreOffice Draw inafungua mafaili ya Publisher, ila hupotosha mpangilio kiasi, usiitegemee mteja akiwa amesimama kaunta.

Mpakato tuuache na Windows, kwa sababu ya printa korofi na kwa sababu unahitaji angalau mashine moja ya namna hiyo. Ujumbe unaouona ni wa kweli: prosesa yako ni ya kizazi cha 6, unaliona kwenye tarakimu ya kwanza baada ya kistari, i5-6300U, na Windows 11 kwa kawaida inataka kizazi cha 8 na kuendelea. Lakini Microsoft imefungua mlango wa masasisho ya ziada kwa Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha ndani ya mipangilio, kwenye ukurasa wa masasisho, kwa akaunti ya Microsoft. Kuna njia ya kulipa dola 30, na kuna njia ya bure ukikubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo. Chagua ya bure. Windows yenyewe lazima iwe toleo la 22H2.

Hapa lazima nikuulize jambo ambalo pengine hukulitegemea. Nani alikupigia Windows kwenye huo mpakato, na aliiamsha kwa kutumia nini, leseni halali au ya kuiba? Mafundi wengi wanatembea na flashi yenye programu za kukraki, na programu hizo ni mlango mpana wa virusi kuliko uzee wowote. Ubaya zaidi, hazikuwa na haja. Mipakato ya ofisi ya miaka hiyo, iliyotoka kiwandani na Windows, imebeba leseni yake ndani ya ubao mkuu. Ukiweka upya Windows halali iliyopakuliwa kutoka Microsoft, ya toleo lilelile ambalo mashine ilizaliwa nalo, Pro kwa Pro au Home kwa Home, inajiamsha yenyewe ikigusa intaneti. Kijana afanye hivyo kabla ya kujiandikisha kwenye hayo masasisho ya ziada. Oktoba 2026 ikipita, mpakato huo nao unaingia Linux Mint na utaendelea kukaa kaunta.

Ile Pentium 4 iacheni ilivyo, na hapa nasimama upande wako kabisa. Microsoft iliiacha XP tarehe 8 Aprili 2014, ni mfu, lakini kompyuta isiyogusa mtandao haijali sana hilo. Jeshi la Marekani lilitumia diski laini (floppy) za inchi 8 kwenye mfumo wa kuwasiliana na vikosi vya silaha za nyuklia hadi mwaka 2019, na sehemu ya utetezi wao ilikuwa hiyohiyo, kwamba mfumo ule haukuunganishwa na mtandao. Chomoa waya wa intaneti kama upo, na mteja yeyote asichomeke flashi humo. Michoro ya stika ipitie kwanza kwenye mashine ya Linux, kisha ihamishwe kwa flashi moja ambayo ni ya kazi hiyo peke yake. Iandike kwa maka pen.

Hatari yake ni diski kufa, si wezi. Diski ya umri huo inaweza kukuaga asubuhi yoyote, na programu ya kukatia hutaipata tena kirahisi. Kijana atengeneze nakala kamili ya diski nzima na kuihifadhi sehemu mbili. Baadaye, akiwa na nafasi, ajaribu waya wa kugeuza USB kuwa tundu lile la zamani, pamoja na programu ya bure ya Inkscape, ambayo inaweza kutuma mchoro kwa mashine zinazoelewa HPGL, lugha ya zamani ya kuamuru mashine za kuchora na kukata. Ikikubali, Pentium 4 inapumzika. Kuna sababu ya kutaka hivyo, nayo ni LUKU: mashine inayokula wati 100 kwa saa 10 inamaliza uniti moja kwa siku, na hiyo yako pamoja na skrini inaweza kuwa juu ya hapo. Kwa sasa iwashwe wakati wa kukata stika tu, isikae inanguruma toka asubuhi.

Nimeacha kwa makusudi jambo ambalo hamkuligusa wewe wala kijana. Fungua uso wa kwanza wa huo mpakato uniambie kuna vyeti vya watu wangapi. Nimezoea kuona steshenari skrini imejaa picha za vitambulisho, barua za kazi, vyeti vya kidato cha nne, hata picha za pasipoti za watu waliokwishahama mji. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na haikusema steshenari hazihusiki. Mteja akimaliza, mafaili yake yafutwe mbele yake na kapu la taka limwagwe. Maombi yafanywe kwenye dirisha la faragha la brauza ili nenosiri lisibaki. Brauza ikiuliza kama ihifadhi nenosiri, jibu ni hapana, kila mara. Kompyuta mpya yenye uchafu huo ni ya hatari kuliko yako.

Kununua nako kuna wakati wake. Ubao mkuu ukifa, au kazi zikiongezeka hadi watu wanaondoka kwa kuchoka kusubiri, nunua moja. Moja, kwa hela ya duka, si ya kikundi. Iliyotumika inatosha: soma tarakimu baada ya kistari, ianze na 8, 9, au 10 na kuendelea, mathalani i5-8350U. Washa mbele ya muuzaji, uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, uhakikishe haikufungwa kwa nenosiri la kampuni iliyoimiliki zamani, na utazame kibodi, kwa sababu mizigo inayotoka Ujerumani huja na Z mahali pa Y, na ya Ufaransa huja na A mahali pa Q. Anayechapa kwa kasi atateseka.

Kuhusu kijana, mketi baada ya kufunga duka, si mbele ya wateja, na umwambie hilo la mbele ya wateja likome. Kisha mpe kazi yote niliyoiandika hapa: betri, SSD, Mint, Windows halali, nakala ya diski ya XP. Mlipe kwa kazi hiyo kama ungemlipa fundi wa nje. Ndugu wakisaidiana bila malipo manung'uniko hayakosi, na pengine nusu ya hasira yake ni kukaa dukani na diploma huku akitoa kopi. Akiimaliza vizuri, bandikeni tangazo mlangoni kwamba mnafufua kompyuta za zamani. Tangu Oktoba 2025 kuna shule, ofisi za kata na walimu wengi wenye mashine kama za kwako wanaoona ujumbe uleule na hawajui pa kwenda. Hapo kaka yako atapata cha kujibu akiulizwa mwanaye anafanya nini.

Mnunuzi wa chuma chakavu asipewe kitu bado. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyoandikwa kuwa ilikusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Nyingine huishia kuchomwa waya hewani ili kutoa shaba. Siku Pentium 4 itakapotoka, toeni diski kwanza na muitoboe kwa drili, ndipo boksi liende.

Mkikwama kwenye printa, niandikie tena utaje jina lake na namba iliyoandikwa mbele, nikwambie kama ni ya kukaa na Linux au ya kubaki na mpakato.